Nyuzi za Upande wa Kulia

Mpiga piano ndiye aliyegundua. Ilikuwa imekaribia saa kumi alasiri. Alipanda ghorofani akiwa amekwisha kuvaa gauni lake la jukwaani, akaingia ukumbini, akafungua kifuniko cha piano kwa ufunguo aliopewa na katibu wa chuo, akaketi na kunyoosha vidole. Mkono wa kushoto ulitoa sauti. Wa kulia haukutoa kitu, ila vishindo vidogo vya mbao, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akachungulia ndani, kisha akashuka ngazi ameshika reli kwa mikono miwili. Ofisini kwa mkuu wa chuo wageni walikuwa wakinywa chai, na miongoni mwao alikuwamo mtahini aliyesafiri kutoka mbali kuja kumsikiliza yeye peke yake, aamue kama anafaa kwa masomo ya juu ya muziki.

"Mwalimu," alimwambia mkuu, "mtu amekata nyuzi za piano."

Kituo cha polisi kilikuwa mtaa wa pili. Inspekta alifika kwa miguu, na Sajini wake nyuma. Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja astaafu. Vijana kituoni walimwita Afande Taratibu, kwa sababu hawakuwahi kumwona akikimbia wala akimkosa mtu. Sajini alikuwa binti mwembamba mwenye sauti nyembamba vile vile, kama filimbi ya mwamuzi.

Inspekta alivaa miwani na kuinamia piano. Kufuli haikuvunjwa. Nyuzi nene za upande wa kushoto zilikuwa nzima, na za katikati pia. Zilizokatwa ni nyembamba tu, zile za upande wa kulia kabisa, zenye sauti za juu. Zilikuwa zimelala legelege juu ya ubao, na ubao wenyewe uling'aa bila hata mkwaruzo.

"Mtu mwenye hasira zake," alisema Sajini.

"Mwenye hasira hachagui upande," alijibu Inspekta.

Watu walikuwa wameanza kujaa mlangoni. Mkuu wa chuo, mtu mwenye sauti nzito inayotoka tumboni, aliita, "Fundi, njoo uone walichotufanyia." Mzee mmoja mrefu aliyekuwa amewapa mgongo aligeuka mara moja. Huyo ndiye aliyekuwa fundi wa piano, aliyeitwa kwa simu kutoka kwenye karakana yake jirani na chuo. Alisogea mpaka kwenye piano, akatazama ndani, na machozi yakamtoka bila kuyafuta.

Mpiga piano alimshika mkono. "Babu, basi," alimwambia kwa upole. "Usilie, babu."

Sajini alikuwa nyuma yao na daftari lake. "Mzee, uliondoka hapa saa ngapi leo?" Mzee hakujibu. Aliuliza tena, na tena hakujibiwa. Inspekta alimwashiria amwache kwanza. Mtu aliyefiwa hupewa nafasi, na huyu alionekana kama mtu aliyefiwa.

Mahojiano yalianza jioni ile ile katika darasa tupu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu wa fidla. Aliketi kabla hajaambiwa aketi.

"Mimi ndiye mnayemtafuta, sivyo?" alisema. "Kila mtu hapa anajua nimekorofishana na mkuu."

"Kwa lipi?" aliuliza Inspekta.

"Mtahini ameletwa kumsikiliza mwanafunzi mmoja. Nilitaka asikilize na wangu. Nikaambiwa ningoje mwakani."

"Leo mchana ulipanda ghorofani?"

"Chumba changu kiko huko. Nisipopanda nitafikaje, nipae?"

"Ufunguo wa piano huwekwa wapi?"

"Sijui, na sijawahi kuuhitaji. Chombo changu mimi nakibeba kwapani." Kisha akasema kama mtu aliyeshindwa kujizuia, "Ila nimeziona zile nyuzi, afande. Uzi uliokazwa ukiukata, unaruka. Unaweza kumtoa mtu jicho, na ungechubua ubao wote. Aliyefanya vile alizilegeza kwanza, moja moja, ndipo akakata."

"Unayajua mengi kwa mtu ambaye piano si chombo chake."

"Uzi ni uzi," alijibu mwalimu wa fidla. Inspekta hakuandika kitu, lakini hakuyasahau maneno hayo.

Mkuu wa chuo alieleza habari za ufunguo. Ulining'inia ndani ya kabati la katibu, chini, na kabati hilo halikuwa na kufuli. "Wanaojua mahali ulipo ni wanne," alisema. "Mimi, katibu, fundi wa piano, na Babu."

"Babu ni nani?"

"Mlinzi wetu wa getini. Wafanyakazi sote tunamwita hivyo."

"Ana kinyongo na chuo?"

Mkuu alikuna shingo. "Wiki iliyopita nilimwambia mkataba wake hautaongezwa."

Yeye na katibu walikuwa na wageni tangu saa nane mpaka piano ilipogunduliwa, na kila mmoja alimshuhudia mwenzake. Wakati huo huo Sajini alikuwa akizunguka chumba hadi chumba na kuuliza swali moja tu: nani alionekana ghorofani baada ya saa nane? Alirudi na ukurasa wenye majina sita.

Asubuhi iliyofuata walimtembelea fundi wa piano. Karakana yake ilikuwa safi kama jiko la bibi harusi. Koleo na bisibisi zilipangwa ukutani kwa ukubwa, na picha za piano alizowahi kuzihudumia zilijaa juu ya meza yake ya kazi. Alikuwa ameshika kile chuma cha meno mawili ambacho mafundi hukigonga ili wapate sauti ya kuanzia. Alikigonga gotini, kisha hakukiweka sikioni. Alikiegemeza kwenye mfupa wa taya.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta akiwa amesimama mbele yake.

"Marahaba, binti yangu." Macho yake yalikuwa yametulia midomoni mwa Inspekta. "Nilimaliza kuiweka sawa jana asubuhi. Nikaondoka kabla ya saa sita, sikurudi mpaka nilipopigiwa simu."

"Ulikuwa peke yako hapa?"

"Peke yangu. Miaka yangu yote ya kazi niko peke yangu. Kazi hii haitaki makelele."

Nyuma yake birika lilikuwa limechemka na lilipiga mbinja kali. Lilipiga kwa muda mrefu. Mwishowe Sajini aliona aibu, akaenda kulizima mwenyewe. Mzee aligeuka pale tu alipouona mvuke ukisambaa kwenye dirisha.

Mchana wa siku ile Inspekta alikuwa na jambo jingine lililompa tabu kuliko kesi. Makao makuu yalikuwa yameamuru maafisa wote wajifunze kuandika programu za kompyuta, na mkufunzi aliyepewa kazi hiyo alikuwa binti yake wa kuzaa. Darasani palikuwa na makonstebo wa juzi, wenye vidole vinavyokimbia kwenye kibodi. Inspekta alichapa kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, lakini hakukosa kipindi hata kimoja.

"Zoezi la leo ni dogo," alisema mkufunzi. "Andikeni seti mbili. Seti ni kama kikapu cha vitu. Kisha programu ituonyeshe vitu vinavyopatikana katika vikapu vyote viwili. Hayo ndiyo makutano."

Vijana waliandika matunda na timu za mpira. Inspekta alitoa ukurasa wa Sajini mfukoni. Katika seti ya kwanza aliingiza watu walioonekana ghorofani, jina kwa jina kama Sajini alivyoandika. Katika seti ya pili aliingiza wale wanne wanaojua ufunguo ulipo. Akabonyeza, akasubiri.

Skrini ilimjibu kwa neno moja: Babu.

Fahari ilimpanda mpaka masikioni. Alikitazama kile kidole chake kimoja kama askari anavyoitazama bunduki iliyolenga vizuri. Mkuu wa kituo alipoonyeshwa alifurahi kuliko yeye, akaamuru mlinzi akamatwe saa hiyo hiyo.

Mlinzi hakubisha. Alikabidhi funguo za geti, akavua kofia ya kazi na kuipangusa vumbi kabla ya kuiweka juu ya kiti.

"Ni kweli nilipanda," alisema. "Nilikwenda kufungua madirisha, ukumbi usiwe na joto. Lakini nimelilinda lile jengo tangu halijapakwa rangi, afande. Ningetaka kulikomoa ningeacha geti wazi, nikalala."

"Ungetaka kukata uzi wa piano, ungeanza na nini?" aliuliza Inspekta.

"Ningeanza na koleo. Kuna kingine?"

Jibu hilo lilimkaa Inspekta kooni kama mwiba wa samaki. Mtu huyu hakujua kwamba nyuzi hulegezwa kwanza. Lakini mkuu wa kituo alikwisha kuwaambia wakubwa kwamba kesi imefungwa, na kwamba imefungwa kwa kompyuta. Mlinzi alilala rumande. Mkewe alileta sweta, akalikabidhi kwa Inspekta bila kumwangalia usoni.

Siku ya pili ya mlinzi kuwa ndani, Inspekta alikuwa nyumbani akikunja nguo zilizokauka. Binti yake alikuwa kwenye meza ya chakula, akisahihisha mazoezi ya darasa zima.

"Mama, hili lako linafanya kazi vizuri," alisema. "Lakini nimekukata alama moja."

"Kwa kosa gani? Jibu si limetoka?"

"Limetoka. Ila njoo uone. Katika kikapu cha kwanza umechapa majina sita. Nikiiuliza programu kikapu kina vitu vingapi, inasema vitano."

Inspekta aliacha shuka, akavaa miwani. "Imekula mtu?"

"Haijala mtu. Seti haibebi kitu kile kile mara mbili. Ukiingiza neno ambalo limo tayari, inaliona ni lile lile, inalipuuza. Wewe umeandika Babu mara mbili."

"Kwa sababu Sajini alimwandika mara mbili. Mashahidi wawili walimwona."

"Sawa, basi ni mtu mmoja, hakuna shida. Nimekukata alama kwa sababu hukuhakikisha. Mashine haijui watu, mama. Inajua maneno tu. Neno likiwa moja, kwake mtu ni mmoja."

Inspekta alikaa chini. Binti yake alidhani amemuudhi, akaanza kusema kwamba alama moja si kitu, lakini mama yake alimwinulia kiganja anyamaze. Kisha akachukua simu.

"Sajini, lifungue daftari lako. Katibu alisema nini hasa juu ya Babu?"

"Kwamba Babu alipanda kufungua madirisha saa nane na robo, wageni wakiendelea kufika, afande."

"Na shahidi wa pili ni nani?"

"Mpiga piano. Alisema saa tisa hivi alikutana na Babu kwenye ngazi, akishuka."

"Ulimuuliza ni babu gani?"

Kurasa zilisikika zikifunuliwa upande wa pili. "Hapana, afande. Nilidhani yupo mmoja."

"Hata mimi," alisema Inspekta.

Wafanyakazi walimwita mlinzi Babu. Lakini yule msichana hakuwa mfanyakazi. Ukumbini, mbele ya macho ya Inspekta mwenyewe, alimshika mkono mzee mwingine kabisa na kumwita babu, na Inspekta alilichukulia kama adabu tu ya mtoto kwa mtu mzima. Sasa alianza kuyaunganisha na mengine: birika lililopiga mbinja bure, chuma kilichoegemezwa kwenye taya, sauti nyembamba ya Sajini iliyokosa jibu na sauti nzito ya mkuu iliyojibiwa papo hapo. Na nyuzi zilizokatwa, zote za sauti za juu.

"Umepata nini, mama?" aliuliza binti yake.

"Nimepata kosa langu," alisema Inspekta. "Na alama uliyokata, usiirudishe."

Kesho yake saa nne asubuhi aliwakusanya ukumbini. Mkuu wa chuo alisimama mlangoni. Mpiga piano na mwalimu wa fidla waliketi mstari wa mbele, na kati yao fundi wa piano. Mlinzi aliletwa kutoka rumande, akaketi pembeni na sweta lake. Inspekta alisimama mbele yao, karibu na piano iliyofunuliwa. Sajini alibaki mstari wa nyuma kabisa.

"Nitaeleza kidogo, kisha nitanyamaza," alisema Inspekta. "Lakini kwanza, Sajini."

"Babu," Sajini aliita kutoka nyuma kwa sauti yake ya kawaida. "Babu, tafadhali geuka."

Mlinzi aligeuka. Mpiga piano naye aligeuka, akamtazama Sajini, kisha akamtazama mzee aliye kando yake. Mzee alikuwa bado anatazama mbele, ametulia.

"Mkuu, mwite fundi wako," alisema Inspekta.

"Fundi," mkuu aliita kwa ile sauti ya tumboni, na mzee akageuka mara moja. Akaona nyuso zote zimemwelekea. Hakuuliza kwa nini.

Inspekta alivuta kiti, akaketi mbele yake ili midomo yake ionekane vizuri. "Mzee wangu, uliniambia hukurudi baada ya saa sita. Mtoto huyu alikutana na wewe kwenye ngazi saa tisa."

"Nilimwamkia," alisema mpiga piano kwa sauti ya chini. "Sikujua kama ni siri. Nilidhani amerudi kuikagua."

Fundi aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikubwa, yenye sugu za koleo.

"Hakuna aliyewahi kuirudia kazi yangu," alisema. "Wapigaji walikuja hapa kutoka kila upande, na kabla ya kuketi waliuliza ni nani ameiandaa. Wakitajiwa mimi, walikunja mikono ya shati wakaanza. Siku ile asubuhi mtoto huyu aliijaribu. Alipofika upande wa kulia alikunja uso. Hakusema neno. Lakini ule uso ulinifuata mpaka karakana. Nikarudi, wote wakiwa na wageni. Nilichukua ufunguo, nikagonga kitufe cha mwisho. Nikasikia mbao. Nikagonga tena kwa nguvu. Mbao tu." Aliitazama piano. "Sijui ni lini sauti zile ziliniacha. Nilikuwa nazikaza kwa mazoea ya mkono. Mtahini angesikia, na angeuliza ni nani fundi."

"Ukaona afadhali isipigwe kabisa," alisema Inspekta.

"Nikaona afadhali waseme imeharibiwa na adui kuliko waseme imeharibiwa na mimi. Hata hivyo nilizilegeza kwanza. Sikuweza kuuumiza ubao."

Mpiga piano alikuwa analia sasa, ila aliushika mkono wa mzee. "Nilizisikia, Babu. Nilijua zimepotoka. Nilikuwa nimeshabadilisha wimbo. Ningepiga ule usiopanda juu, na mtahini asingejua kitu."

Mzee alimtazama midomo mpaka mwisho, kisha akafumba macho. Maneno hayo yalimpiga kuliko pingu.

"Na huyu?" Inspekta alimwonyesha mlinzi. "Amelala chini kwa ajili yako."

"Siku ya kwanza nilijiambia watamwachia. Siku ya pili nikajiambia nitasema kesho." Fundi alisimama, akamgeukia mlinzi. "Sina neno la kukupa, ndugu yangu."

Mlinzi alilikunja sweta lake magotini. "Ungenijia mimi kwanza," alisema, "ningekusaidia kulitafuta."

Inspekta alimtia fundi mbaroni yeye mwenyewe, bila pingu, akatembea naye mpaka kituoni kwa mwendo wa mzee. Katika maelezo ya kesi aliandika wazi kwamba mlinzi alikamatwa kwa kosa la mpelelezi, akatia saini chini yake. Mkuu wa kituo alimwomba aifute sentensi hiyo. Hakuifuta. Alikwenda pia nyumbani kwa mlinzi akamwomba radhi mbele ya mkewe, na safari hii mama huyo alimtazama usoni.

Chuo hakikutaka fundi afungwe. Hakimu alimwamuru airudishe piano katika hali yake kwa gharama zake, na mlinzi akaandikiwa mkataba mpya. Kwa siku kadhaa, watu waliopita chini ya madirisha ya ukumbi walisikia sauti moja nyembamba ikigongwa na kugongwa. Fundi alikaza, na mwalimu wa fidla, mwenye masikio makali kuliko wote chuoni, alisimama kando akisema juu, juu kidogo, hapo. Siku mtahini aliporudi, mpiga piano alichagua wimbo unaopanda mpaka kitufe cha mwisho. Alipokubaliwa, alimwinua fundi kutoka kwenye kiti chake na kumtambulisha kwa jina la kazi yake.

Wiki ile ile, katika kipindi cha mwisho cha mafunzo, mkufunzi alichora vikapu viwili ubaoni na kuandika neno moja mara mbili ndani ya kimoja.

"Programu hii haikuwa na kosa," aliwaambia makonstebo. "Hata hivyo ilimweka ndani mtu asiye na hatia. Nani ataniambia kwa nini?"

Walibishana kwa muda, mpaka konstebo mmoja wa mbele akapata jibu, akacheka. "Lakini mkufunzi, ni mpelelezi gani huyo wa kumkamata mtu kwa neno la mashine, bila kuuliza ni nani?"

Inspekta alisimama kutoka kwenye dawati lake, taratibu kama kawaida yake. Konstebo aliacha kucheka, akanyooka kwenye kiti.

"Ni mimi," alisema Inspekta. "Na aliyeliona kosa kabla halijafika mahakamani ni huyo hapo mbele, anayewafundisha. Nilimzaa mwenyewe."

Darasa zima liligeuka kumtazama mkufunzi. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuugeukia ubao, akiwaandikia zoezi linalofuata, na chaki ilikatika mkononi mwake mara mbili kabla hajamaliza mstari wa kwanza.